Nyakeru Ameshakula

Maitu Njoki,

Nakuita maitu, yaani mama, kwa sababu umepewa jina la mama yangu, na kwa sababu leo mezani umenigombeza kama yeye mwenyewe. "Baba, kaa chini, mgongo wako hauwezi." Basi nimekaa chini. Niko sebuleni na kalamu ya ofisini, nawasikia wewe na mama yako huko chumbani. Yeye anatia nguo sandukuni, wewe unazitoa. Anasema, "Njoki, basi linaondoka asubuhi." Unasema, "Basi liondoke, mimi naondoka mvua ikinyesha." Sitaingia huko. Mambo ya blanketi na sabuni na nani wa kumwamini na kufuli ya sanduku ameyamaliza yeye, na mimi nikiongeza neno nitaambiwa sijui hata bei ya sabuni. Ni kweli. Bei ninayoijua mwaka huu ni ya nyasi tu, na hiyo natamani ningeisahau.

Hata hivyo nitakuandikia juu ya nyasi, mwanangu, maana ndiyo unayotaka kuiachia chuo.

Ulipolisema jambo hilo mara ya kwanza, Jumanne, nilidhani ni mzaha. Barua ya chuo cha ualimu iko pale juu ya kabati, imesema wazi kwamba asiyefika siku ya kuripoti nafasi yake atapewa mwingine, na wewe unanipakulia sukuma wiki ukisema utaenda mvua ikinyesha, kama mtu anayesema atapitia dukani. Nikakuuliza mvua na ualimu wapi na wapi. Ukaniangalia vile mama yangu alivyokuwa akiniangalia nikirudi shuleni bila sweta. "Nikienda, nani atamkatia Nyakeru? Wewe? Na mgongo huo?" Kisha ukaongeza lile lililoninyima usingizi: "Na Nyakeru ndiye atakayenilipia karo."

Njoki, wacha nikueleze habari za ng'ombe huyu na akili za baba yako, maana naona umezipata nusu nusu.

Unakumbuka kule chini mtoni, mahali vilipo vyumba vya mabati vya wapangaji? Hapo palikuwa na nepia. Nepia ni yale majani marefu uliyokuwa ukijificha ndani yake ukiitwa kuoga. Babu yako aliyapanda, nami nikayarithi pamoja na ploti, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kununua hata unyasi mmoja. Ng'ombe alikuwa akila, anakamwa, mama yako anapeleka maziwa kwa wateja wake huku Mountain View, na mimi napanda gari kwenda mjini kufunga tai na kuhesabiwa miongoni mwa watu wenye akili.

Halafu majirani wote wakaanza kujenga. Huyu ameng'oa migomba akaweka vyumba, yule ameng'oa kahawa akaweka ghorofa. Kila nikipita naona kamba za nguo zimejaa nguo za watu wanaolipa kodi kila mwezi, na mimi nina majani. Nikaona nimelala. Mama yako akaniuliza swali moja tu: "Na ng'ombe atakula nini?" Nikamjibu, nakumbuka hata mkao wangu, mkono mmoja kiunoni: "Nyasi zinauzwa kila mahali." Mwanangu, ukisikia mwanamume amejibu swali la mke wake huku ameshika kiuno, jua hajafikiria jibu.

Siku ya kung'oa, mjomba wako Kimani alishuka kutoka Limuru na ile pikapu yake inayokohoa. Hakuja kusaidia. Alikuja kuniangalia. Akasimama pale, mikono mfukoni, akatazama vijana wakirusha mashina ya nepia kwenye lundo.

"Shemeji, hiyo yote unatupa?"

"Ni takataka, Kimani. Ukitaka, beba."

"Nibebe kabisa?"

"Nitakushukuru. Nilikuwa nalipa mtu aje aitoe."

Akabeba. Alirudi mara kadhaa, siku nzima, na jioni akanipigia honi akipita na mzigo wa mwisho. Nilimpungia mkono. Nilijiona mjanja kweli, nimepata mtu wa kuniondolea uchafu bure.

Unajua kilichofuata. Vyumba vikaisha, wapangaji wakaingia, na mvua ikakataa. Ikakataa tena. Nyasi ambazo zilikuwa zinauzwa kila mahali zikaanza kuuzwa mahali pamoja, kwenye lori pale Dagoretti Corner, na mwenye lori akawa mtu wa kuamkiwa. Mimi nimemwamkia mtu yule mara nyingi kuliko ninavyomwamkia bosi wangu. Kila wiki robota la nyasi linapungua na bei inaongezeka. Zamani robota ulilibeba mgongoni ukapinda. Sasa hivi unalibeba kwapani kama mto wa kulalia.

"Mzee, chukua leo," ananiambia, "kesho hutaipata na hii bei."

"Wiki jana uliniambia hivyo hivyo."

"Na si umekuja leo ukapata imepanda? Sasa nilikudanganya wapi?"

Hebu nitafutie jibu la hilo, wewe unayeenda kusomea ualimu. Mimi nililipa, nikabeba mto wangu nikaenda.

Nikasema nitatumia akili. Ofisi iko mjini, Marikiti haiko mbali, na kule wanatupa majani ya kabichi marundo kwa marundo. Basi nikawa natoka kazini na tai yangu, napitia sokoni, najaza gunia, narudi nalo nyumbani nikinuka kama sufuria ya shule ya bweni. Nyakeru alikula kwa furaha. Nikamwambia mama yako, "Unaona? Bure kabisa." Siku ya tatu mteja wake wa ghorofa ya pili, yule mwalimu mstaafu mpole ambaye hajawahi kulalamikia kitu, akamrudishia chupa. "Mama Njoki, samahani, naomba niulize. Haya ni maziwa ama ni supu?" Chai ya mtaa mzima ilikuwa inanuka kabichi. Wateja wawili hawajarudi mpaka leo, na mmoja wao tukikutana njiani hunisalimia akitazama pembeni, kana kwamba nimefiwa.

Hapo ndipo wewe ulipochukua mundu. Sikukutuma, na nataka ujue nilikuona. Kila alfajiri gambuti zako, vile viatu virefu vya mpira, zinapita chini ya dirisha langu, unaelekea kando ya barabara kukata kile kilichobaki kabla wengine hawajaamka. Nami nililala pale nikijifanya nimelala. Niliridhika, Njoki. Ubaya wa jambo hili ni kwamba liliniridhisha. Nilijiambia ni la wiki chache. Kisha mwezi wa Desemba ukapita, matokeo yakaja, barua ya chuo ikaja, na gambuti zikaendelea kupita.

Jioni moja nikasema na mimi nikate, angalau nikupunguzie. Nikashuka Westlands na gunia langu, nikaenda pale kando ya barabara kuu ambako nyasi ilikuwa bado imesimama. Nikakuta ng'ombe wa Wamaasai wametangulia. Wametoka mbali sana na mifugo yao, mbavu zinahesabika, wako katikati ya jiji wanakula nyasi za maua huku magari yanapiga honi. Mwenye ng'ombe, mzee wa makamo yangu, akaniangalia: tai, viatu vya ofisi, mundu.

"Na wewe una ng'ombe?"

"Ndiyo."

"Wangapi?"

"Mmoja."

"Mmoja," akasema polepole, bila kunicheka, na hilo ndilo liliniuma. "Na hana mahali pa kwenda?"

"Yuko nyumbani."

"Nyumbani kuna nyasi?"

"Hakuna."

"Sasa si umpeleke kwenye nyasi?" Akasema hivyo kama unavyomwambia mtoto avue kiatu kilicho na jiwe. Kisha akawafukuza ng'ombe wake kutoka kona moja, akanionyesha kwa fimbo. "Kata hapo. Lakini hiyo haitamfikisha."

Nikakata. Nikarudi na gunia nusu, na sikukuambia neno. Mtu aliyehamisha ng'ombe wake wote kwa miguu alinipa ushauri ule bure, na mimi nikaubeba mpaka nyumbani nikauacha mlangoni. Nilijua vizuri nyasi ziko wapi. Ziko Limuru, kwenye bonde la Kimani ambako hapakauki, nepia imesimama kumpita mtu kimo. Nepia ya babu yako. Ile takataka.

Desturi yetu unaijua. Mwaka wa kiangazi mtu hupeleka ng'ombe wake kwa ndugu mwenye majani. Mwenye majani anamlisha na kunywa maziwa, na ndama anabaki wa mwenye ng'ombe. Watu wamefanya hivyo tangu zamani, hakuna anayemcheka mwingine. Lakini Kimani angenicheka. Tangu siku nilipoajiriwa ananiita mkulima wa tai. Nikawa naona kheri Nyakeru ale mapazia kuliko nimsikie Kimani akicheka. Wiki baada ya wiki nikalipa kodi ya chumba kimoja kwa yule wa Dagoretti Corner, kisha cha pili, kisha cha tatu. Umenielewa? Niling'oa nyasi nijenge vyumba, kisha nikawa natoa vyumba nipate nyasi. Na wewe unasema Nyakeru atakulipia karo. Mwanangu, Nyakeru amekuwa akiila hiyo karo.

Sasa nije kwenye ile Jumapili ya mavuno, ambayo umekuwa ukiniuliza tulichekea nini.

Mwaka bila mavuno, na kanisa limetangaza mavuno. Watu wakaleta walichonacho. Mayai machache, boga la ukubwa wa ngumi, kuku aliyeonekana kama ametoka kuugua. Na baba yako, kwa sababu wazee wote wamekaa mbele, akapita katikati ya kanisa na robota zima la nyasi begani. Uliona vile watu walivyogeuka. Ulikuwa kwenye kwaya, na nilikuona ukitabasamu. Nikaketi nikijisikia tajiri. Ndipo mama yako aliyekaa upande wa pili wa kanisa akaniangalia, akanionyesha kidole kimoja. Moja? Nikatikisa kichwa: jingine liko nyuma ya mlango wa banda. Akatikisa chake. Halipo, nilikuwa nimempa Nyakeru jana yake. Nilikuwa nimemtolea Mungu chakula cha ng'ombe mwenye mimba, na Mungu hali nyasi.

Unajua vitu vile hupigwa mnada baada ya ibada. Na huwezi kusimama mbele ya watu ununue sadaka yako mwenyewe. Basi nikamgeukia mzee Gathogo nyuma yangu, nikamnong'oneza, "Nichukulie lile robota, nitakurudishia nyumbani." Akakubali, mtu mwema.

Mwenye mnada akaliinua. "Robota la Baba Njoki. Ni kavu, ni safi, limebarikiwa. Nani anafungua?"

Gathogo akafungua. Mara Mama Shiro, yule jirani yetu wa lango la kijani, akapandisha. Nikashangaa, lakini watu wengi wana ng'ombe. Gathogo akapandisha. Mama Shiro akapandisha juu yake, kwa sauti kali. Gathogo akanitazama kuniuliza kama aendelee, nami, kwa aibu, nikainamisha kichwa kama mtu anayeomba. Akadhani nimeitikia. Akaendelea. Robota likapita bei ya kuku wote waliokuwa kanisani, wazima na wagonjwa. Watu wakaanza kupiga makofi. Mwenye mnada akasema, "Wapendwa, hii ni imani," na mimi nikaomba kweli sasa, nikaomba Gathogo apatwe na kikohozi.

Mwishowe alinyamaza mwenyewe. Mama Shiro akashinda. Nikaenda nyumbani nikimlaani kimoyomoyo, nikawaza nitamwambia nini Nyakeru. Nikafika langoni nikamkuta Mama Shiro huyo huyo amesimama na robota kichwani, anamuuliza mama yako aliweke wapi.

Mama yako akalipokea. Akaniangalia. "Huyu mzee Gathogo, ana ng'ombe tangu lini?"

"Hana hata kuku," nikamwambia.

Tukasimama pale, mimi na yeye, kila mmoja na mtu aliyemtuma mnadani. Kisha akasema, "Ngoja nikae," akakaa juu ya lile robota, akacheka mpaka kitambaa kikamwanguka kichwani. Ndipo wewe ulipoingia na kitabu chako cha kwaya ukauliza kuna nini, na hakuna aliyeweza kukuambia. Baada ya kucheka mama yako akafuta macho akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba Njoki, tumemnunulia ng'ombe huyu nyasi zetu wenyewe mara mbili. Mpigie ndugu yangu."

Sikumpigia. Siku ile sikumpigia. Nilingoja mpaka Jumanne, mpaka niliposikia mtoto wangu akiniambia atangoja mvua. Usiku huo nikawasikiliza wapangaji wakifunga milango, nikafikiria: huyu sasa anataka kufanya nilivyofanya mimi. Anataka kung'oa kitu kinachomea, kwa sababu ya mwaka mmoja. Ila mimi niling'oa kwa tamaa na wewe unang'oa kwa upendo, na mwisho wake unafanana: mtu anasimama kando ya barabara na mundu.

Jana nikaenda kazini na kadi mpya ya kredo ya simu. Nikampigia.

"Shemeji, habari za Limuru?"

"Ni za baridi. Za tai?"

"Kimani, nina ng'ombe."

"Hiyo najua. Nilikuwa nangoja kujua kama huyo ng'ombe ana mwenyewe."

Nikamweleza. Akacheka. Njoki, alicheka kama nilivyojua angecheka, polepole kwanza, kisha kwa sauti, kisha akamwita mke wake aje naye asikie. Kredo yangu ikawa inaisha na mtu anacheka tu. Na unajua nini? Nilisimama pale kwenye ngazi za ofisi nikimsikiliza, na hakuna kilichonitokea. Tai ilikuwa shingoni, miguu chini. Kicheko nilichokikimbia miezi yote hiyo, kwa gharama ya vyumba vitatu na wateja wawili na usingizi wako wa alfajiri, kiliisha kabla ya kredo. Kisha akasema, "Nije na pikapu saa ngapi? Na usilete majani. Nepia yako iko hapa, inakuuliza kila siku."

Leo mchana ulipokuwa saluni unasukwa, amekuja. Nyakeru amepanda pikapu bila matata, mnafiki yule, kama aliyekuwa amefunga mizigo zamani. Kimani amenipigia jioni kusema Nyakeru amefika, amesimama katikati ya nepia na hataki kuinua kichwa. Atazalia huko. Maziwa ni ya Kimani mpaka mvua irudi, ndama ni wetu. Kodi ya vyumba, ambayo kuanzia kesho haina tena nyasi ya kununua, ni ya chuo chako. Mimi na mama yako tumekubaliana, na hatukushika kiuno.

Uliporudi umeniuliza, "Baba, Nyakeru umempa majani?" Nikakujibu ameshakula. Sikukudanganya. Hukuniuliza alikulia wapi. Ningekuambia ungechukua koti ukamfuata huko huko, ama ungekaa tubishane, na nikibishana nawe hushinda wewe. Kwa hiyo nakuandikia, na barua hii naitia ndani ya gambuti yako ya kulia, kwa maana najua huo ndio mguu wako wa kwanza kila asubuhi.

Mwanangu, sina la kukufundisha. Nikitazama nyuma naona niliyoyafanya vizuri ni machache, na mengi ya hayo niliyafanya nikiwa nimechelewa. Ila ukikwama huko, na utakwama, usijitafutie kila njia ya kuzunguka kama mimi ili tu usimpigie anayeweza kukucheka. Nipigie. Ukiwa huna kredo, piga ukate, nitaelewa. Nitacheka kwanza, hilo siwezi kuahidi kulizuia. Halafu nitakuuliza nije saa ngapi.

Maziwa yaliyo kwenye sufuria ya bluu ni ya mwisho ya hapa nyumbani. Yatie yote kwenye chai ya asubuhi, usimpimie mtu. Na ukinisikia natoka mlango wa nyuma kabla hakujapambazuka usishtuke, nitakuwa nimesahau na kwenda kumwangalia ng'ombe. Nitarudi nikikumbuka.

Sasa toa mguu kwenye gambuti, maitu. Viatu vyako vya safari viko mlangoni. Nimevipiga rangi mwenyewe, na kwa bahati mbaya nimezipiga na soksi zilizokuwa ndani.

Baba yako,
mkulima wa tai